Bipu Mbili Mfululizo

Kosa la kwanza nililifanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu ya bluu. Kila mgonjwa aliyeingia chumbani kwangu nilichukua daftari lake, lile la shule ambalo huku kwetu ndilo faili la mgonjwa, analinunua mwenyewe dukani na kulitunza mwenyewe nyumbani, nikaandika namba ya zahanati juu ya jalada. Nikamwambia, ukizidiwa na sisi tumefunga, namba hiyo hapo. Nimeandika hivyo tangu wiki ya kwanza niliyoanza kazi. Madaftari sijui mangapi. Yametapakaa mlima wetu mzima hapa Mwanza, kwenye nyumba zilizobanwa katikati ya mawe, na mengine yameshuka hadi mwaloni, kwenye soko la samaki ziwani. Simu yenyewe ilikuwa kitochi cha vitufe, kinakaa kwenye mfuko wa koti langu, na koti likivuliwa kinakaa mkononi.

Chuo kilinifundisha dawa. Mengine nimejifundisha. Mimi mtu wa Ukerewe, nimezaliwa Nansio, Kisukuma nilikiokota palepale kwenye benchi la wagonjwa, neno moja leo, tusi moja kesho. Kompyuta ya stoo nilijifundisha kwa kubonyeza mpaka ikakubali. Lakini namna ya kupokea simu za watu baada ya kufunga, nani azipokee, siku gani, kwa utaratibu upi, hilo hakuna mwalimu aliyenigusia, na mimi sikujua kwamba ni kitu cha kuchagua. Nilidhani daktari anabeba tu.

Na watu wangu hawapigi. Wanabipu. Simu inalia mara moja, inakatwa, kazi ya kupiga inakuwa yako. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Nilikuwa nampigia mtu nafoka hata salamu sijatoa: kama unaumwa piga, kama huumwi acha kunichezea. Nafoka, lakini napiga. Nesi wetu ndiye aliyeleta utaratibu. Ni mama wa Magu, mtu mzima, ameanza kuchoma sindano mimi sijazaliwa. Mbele ya wagonjwa ananiita dokta. Tukibaki wawili ananiita wewe mtoto. Alianza kuwaambia watu pale dirisha la dawa, kimyakimya, bila kuniuliza: bipu moja, una swali, atakupigia akipata nafasi. Bipu mbili mfululizo, mgonjwa kazidiwa, atakupigia sasa hivi. Ndani ya mwezi mlima wote ulijua. Nilipogundua nikamuuliza nani kampa ruhusa.

"Ruhusa ya nini?" akasema. "Si ulikuwa unawafokea? Nimekupunguzia wa kuwafokea."

Tuliishi hivyo karibu miaka miwili. Nilikuwa najisifu, nakiri. Daktari mwingine ukimpigia Jumapili hapokei, mimi ukibipu nakupigia. Mama mmoja anayekaanga samaki pale Mirongo, ana mtoto wa kike wa miaka sita mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, alikuwa akinibipu mbili kila mtoto akipata homa, na mtoto wa selimundu homa yake si ya kusubiri. Nampigia, anasema ana moto, namwambia mlete, tunakutana mlangoni. Mtoto yule alikuwa hajalazwa mwaka mzima. Nilikuwa nahesabu mwaka ule kama wangu.

Halafu ikaja Jumatano moja. Nilikuwa sijalala vizuri siku kadhaa, simu juu ya simu. Foleni ndefu, malaria tupu. Nikaandika dawa, nikaita mwingine, nikaandika, nikaita. Nesi akaingia bila kubisha, akaniwekea daftari mezani, kidole chake juu ya mstari.

"Dokta, huyu mtoto ana kilo ngapi?"

"Tisa. Imeandikwa hapo."

"Soma ulichoandika chini yake."

Nilikuwa nimeandika mseto vidonge viwili viwili. Mtoto wa kilo tisa anapewa kimoja kimoja. Kipimo cha viwili kilikuwa cha kaka yake, ambaye alikuwa ameketi pembeni anakula muwa. Nilikata, nikaandika upya, nikasema asante mama. Nesi akaondoka na daftari. Nikadhani yameisha.

Kesho yake mwenye zahanati akaja. Ni mzee Mhindi, familia yao wanauza vifaa vya ujenzi mjini tangu babu yake, zahanati aliifungua kwa ajili ya jina la marehemu mama yake. Mtu mpole, anakuja Alhamisi, anakunywa chai, anauliza paa linavuja au halivuji. Siku ile hakuuliza paa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Nesi ameniambia habari ya vidonge."

Nilimgeukia nesi, alikuwa anapanga mabomba ya sindano. Nikamwambia, mama, umenishtaki.

"Nimekushtaki, ndiyo," akasema, hakugeuka. "Ulitaka nisubiri nikushtaki kwa nani? Kwa mama aliyekwisha kumzika mtoto?"

Mzee akasema yeye ni mtu wa misumari na mabati, mambo ya kulala na kutolala hayajui, lakini dereva wa lori lake akiendesha siku tatu bila kulala, anamnyang'anya ufunguo. Kwa hiyo nichague. Naweza kuendelea kubeba simu peke yangu, ila akisikia tena habari ya kilo tisa, ataniomba nipumzike kabisa. Au kuna kampuni moja Dar, mtoto wa dada yake kamwambia, wanapokea simu za wagonjwa kwa niaba ya zahanati, wana madaktari wamekaa kwenye kompyuta saa zote. Au nishirikiane na daktari wa ile zahanati ya bondeni, karibu na mto Mirongo, wiki yake, wiki yangu.

"Kesho jioni uniambie," akasema.

Nilikuwa tayari najua nini sitachagua. Huyo wa bondeni.

Nieleze. Mwaka uliopita tulikuwa na mjamzito kapanda presha, nikamwambia nesi amsindikize kwenye zahanati ya bondeni kwa sababu wao wana gari la wagonjwa na sisi hatuna. Nesi alirudi ameinamisha uso. Daktari wa kule alikuwa amemwambia, mbele ya benchi zima: "Mama, mgonjwa haletwi hivi bila barua ya rufaa. Umri huu hujui hilo?" Nesi wangu. Mtu ambaye nusu ya vijana wa mlima ule aliwapokea yeye walipozaliwa. Mimi sikuuliza kitu. Nilivua koti, nikashuka kile kilima mbiombio, nikaingia chumbani kwake ana mgonjwa, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, yule mtu anaongea kama anahesabu punje za mchele: "Dada, umemaliza? Huyu baba nilikuwa nampima presha. Sasa itabidi nianze upya." Benchi likacheka. Tangu siku ile tukikutana njiani mimi natazama ziwa.

Kwa hiyo Ijumaa nilimwambia mzee: Dar.

"Umefikiria?"

"Nimefikiria, mzee."

Nesi alikuwepo. Alifungua mdomo, akaufunga. Niliona. Sikumuuliza alitaka kusema nini, maana nilijidai nimechagua kwa ajili ya heshima yake.

Kampuni walikuwa safi, siwezi kuwasema vibaya kwa jinsi walivyotupokea. Kijana wao alinipigia, ana sauti ya redio, akanielekeza namna ya kuigeuza laini yetu ili kila anayepiga tukiwa tumefunga aangukie kwao. Nilijifundisha hilo nalo, nikabonyeza nyota na reli na namba, kitochi kikaandika kimekubali. Kila Jumatatu wataniletea ripoti: nani kapiga, kaumwa nini, kaambiwa nini.

Wikiendi ya kwanza nilikaa nimeshika kitochi kimya. Nikakizima, nikakiwasha kuona kama kimekufa. Hakijafa. Nililala mchana Jumapili mpaka shuka likaniandika mistari usoni. Jumatatu ripoti ikaja: simu zilizopokelewa, hakuna. Nikamwonyesha nesi. Nikamwambia, unaona, watu walikuwa wananibipu kwa mazoea tu.

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja."

"Kumbe Mwanza wamepona wote," akasema. "Tufunge tukalime."

Nilicheka. Lakini ripoti ile niliisoma mara ya pili. Wikiendi ya pili nikapanda meli kwenda Nansio kumwona mama yangu, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu sikukuu. Mama akaniuliza kwa nini napapasa mfuko kila dakika kama mtu aliyeibiwa. Nikamwambia mazoea. Akanipikia samaki furu wa kukausha, nikala, nikapapasa mfuko. Jumapili jioni nikarudi.

Jumatatu ripoti: simu zilizopokelewa, hakuna.

Sikumwonyesha nesi. Nilikaa na ile ripoti nikiitazama kama picha ya eksirei yenye kitu usichokielewa. Mlima wenye watoto wote wale, wikiendi mbili, hakuna aliyeharisha, hakuna aliyepata degedege, hakuna bibi aliyesahau kama dawa ya presha inamezwa kabla au baada ya kula. Nilikuwa bado naitazama mama wa samaki alipoingia. Peke yake. Mtoto hakuwa naye.

"Mwangaluka, dokta."

"Mwangaluka. Mtoto yuko wapi?"

"Yupo hospitali kubwa, amelazwa. Ameongezewa damu. Anaendelea vizuri, asubuhi amekunywa uji. Nimekuja tu kuchukua kadi yake ya zamani, wameniuliza alichanjwa nini."

Alisema vile kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Nikamwambia akae. Nikamwambia aanze mwanzo.

Jumamosi mchana mtoto alipata moto. Akanibipu mbili. Akasubiri. Akabipu mbili tena. Salio la kubipu lilikuwepo, la kuongea halikuwepo, samaki walikuwa bado hawajanunuliwa. Akampa dawa ya homa, akamkanda maji. Akabipu jioni, akabipu Jumapili alfajiri. Mtoto macho yakawa ya njano na viganja vyeupe kama karatasi, akambeba akaja mlangoni kwetu, Jumapili, kumefungwa. Akashuka naye mpaka bondeni. Yule daktari wa bondeni akamfungulia, akamtazama viganja, hakupoteza muda, akamtia kwenye gari la wagonjwa na barua, na akampigia daktari wa zamu wa hospitali wamsubiri.

"Kwa nini hukwenda kwa jirani ukaomba simu upige kabisa?" nikamuuliza. Sauti ilikuwa imeanza kupanda. Mimi nikiogopa napandisha sauti, ni ugonjwa.

Alitazama kanga yake.

"Nilidhani umenikasirikia," akasema. "Ile mara ya mwisho ulisema nisikubipu ovyo. Nikasema, labda leo amechoka na mimi. Sikutaka kukusumbua zaidi."

Nilisema nini baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nilimwambia hapana mara nyingi. Nesi alileta kadi ya chanjo, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi akasimama. Mimi nilikuwa tayari na simu sikioni, napiga Dar.

Yule kijana wa sauti ya redio akapokea. Nikamuuliza, Jumamosi mliona simu kutoka namba hii, nikamtajia.

"Subiri kidogo, dokta. Ndiyo, naiona. Lakini hii haikupokelewa. Mteja alikata mwenyewe kabla ya mlio wa pili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwetu hiyo haihesabiki kama simu. Mfumo unaanza kuhesabu mtoa huduma akishapokea."

"Alipiga mara mbili mfululizo. Akarudia. Akarudia tena."

"Ndiyo, naona amekata mara zote."

"Kaka, wewe umezaliwa wapi?"

"Temeke."

"Temeke hakuna mtu anayebipu?"

"Wapo wengi, dokta. Hata mimi hapa mama yangu ananibipu. Ila kwenye mkataba hakuna kumpigia aliyekata. Mngetuambia tungeliweka."

Mngetuambia. Hapo ndipo hasira yangu ilikosa pa kwenda. Maana ni kweli, nilijaza fomu yao yote, magonjwa, lugha, hospitali ya rufaa, idadi ya vitanda. Kubipu sikuandika. Ningeandikaje? Ni kama kuandika kwamba watu wetu wanapumua. Nikamwomba anitumie orodha ya namba zote zilizokatwa. Ilikuja ndefu. Nesi akaleta rejista kubwa, tukakaa yeye na mimi mchana ule na wagonjwa wakasubiri, tukapiga namba moja moja. Mmoja mtoto alikuwa ameharisha na amepona. Bibi mmoja alikuwa ameacha dawa ya presha siku tatu kwa kuwa hakupata wa kumjibu. Wengine walikuwa na maswali ya kawaida, wakacheka, wakasema dokta umepotea. Kila nilipomaliza mmoja nilivuta pumzi na kuogopa anayefuata.

Tulipofika mwisho nesi akafunga rejista.

"Wewe mtoto," akasema, na nje kuna wagonjwa, hakujali. "Kwa nini hukuchagua bondeni?"

"Unajua kwa nini. Alikudharau."

"Alinidharau mimi. Wewe ugomvi ulikuwa wa nini?"

"Mama, siwezi kumpa mtu aliyekutukana wagonjwa wako."

Akavuta stuli, akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana.

"Ile barua ya rufaa," akasema, "nani alipaswa kuiandika?"

Nilitazama jalada la rejista.

"Nesi haandiki barua ya rufaa. Anaandika daktari. Siku ile ulikuwa unakimbia huku na huku, ukaniambia nenda, nenda, presha inapanda. Nilifika kule mikono mitupu. Aliponiuliza nikasema nimeisahau mimi. Ningesema nini? Kwamba dokta wetu mgeni hajui kuandika barua? Ningekuaibisha. Basi akanisema mimi, yakaisha. Ukashuka wewe kwenda kuyaanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Nilikuwa bado navua viatu, wewe ulishafika bondeni."

Mwaka mzima nimetembea na ugomvi ule kama medali. Nimempita yule mtu njiani nikitazama maji. Nimechagua Dar kwa ajili ya nesi, au niseme kwa ajili ya kumkwepa yule mtu, na mtoto wa mama wa samaki ameongezewa damu ya mtu mwingine. Sikutaka kulia mbele ya nesi kwa hiyo nilikasirika. Nikamwambia angeniambia hata baadaye. Akasema ndiyo, hapo amekosea, na akainuka kwenda kumfunga mtu kidonda.

Mzee mwenye zahanati nilimpigia mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Nikamweleza yote, mpaka barua. Nyuma yake nasikia mtu anakata mabati.

"Nilikwambia uchague," akasema. "Sikukwambia uchague kwa hasira. Haya, chagua tena."

Kesho yake saa ya chakula nilishuka bondeni. Kilima kilekile, safari hii nilikwenda polepole, nikasimama mara mbili bila sababu. Alikuwa ameketi kwenye veranda ya nyuma anakula ugali na sato, mikono ya shati imekunjwa. Aliponiona akaweka tonge chini.

"Umekuja kunifokea tena?" akasema. "Basi ngoja nikafunge mlango wa mbele. Wagonjwa wangu wengi ni wa presha."

"Sikuja kufoka."

"Karibu chakula basi."

Nikanawa, nikakaa. Nikamwambia ile barua nilipaswa kuiandika mimi, nesi alinifichia, na yale niliyomwambia siku ile nayarudisha yote, hata lile la mwisho.

"Lile la mwisho lilikuwa zuri," akasema. "Mke wangu huniita hivyo mpaka leo." Akamega ugali. "Na mimi nilimkosea yule mama. Mtu mzima humwambii vile mbele ya watu. Nimefikiri kuja kumwomba radhi, nikaona kule juu kuna mtu mkali mlangoni."

"Njoo. Sitakuwa mlangoni."

Nikamwambia habari ya simu. Wiki yako, wiki yangu. Alitafuna muda mrefu mpaka nikataka kumtikisa. Halafu akauliza kama laini itageuzwa ije kwenye simu yake. Nikasema ndivyo watu wa kisasa wanavyofanya.

"Hapana," akasema. "Yangu imejaa ndugu. Nitaona bipu nitadhani ni shemeji anataka pesa. Lete kitochi chenyewe. Kitembee. Ijumaa jioni kinakuja huku, Ijumaa nyingine kinapanda. Aliyekishika ndiye anapiga, mwenzake analala. Na uniandikie watu wako."

"Niwaandike vipi?"

"Unavyowajua."

Kuwaandika kulinichukua michana mitatu, nesi akinitajia na mimi nikiandika kwenye daftari la shule. Namba hii, bipu mbili, mtoto wa selimundu, usimwambie mama apime homa, mwambie amlete. Namba hii, bibi wa juu kwenye mawe, bipu moja anataka kusalimiwa tu, mpigie hivyohivyo, presha yake hupanda akipuuzwa, na Kiswahili chake kidogo. Namba hii, baba wa pumu, anabipu mara moja hata akiwa anakata roho, ana aibu, huyo moja yake ihesabu mbili. Kila nilipoandika mmoja nilihisi kama namtoa nyumbani kwangu na mkeka wake. Nesi alikuwa anaona. Akaniuliza kama nataka waishi au nataka wawe wangu. Nikamwambia anyamaze ataje namba.

Daktari alipanda kuja Alhamisi, akamwomba nesi radhi, akiwa amesimama, kofia mkononi. Nesi akamwambia ameshasahau, ila akamweka kwenye benchi akamfundisha yale mambo ya bipu kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi nilikaa chumbani kwangu kama nilivyoahidi, sikio ukutani. Ijumaa jioni nikampelekea kitochi na chaja yake. Alikitia mfukoni bila sherehe.

Wiki ile nilikuwa mtu wa ajabu. Nilifua nguo zilizo safi. Nilishuka mwaloni kununua dagaa nisiohitaji, nikakaa juu ya jiwe nikisikiliza simu za watu wengine zikilia. Kila bipu ya mtu niliinua kichwa. Mara mbili nilianza kwenda bondeni na mara mbili nikageuza. Nilijiambia kama yule daktari hawapigii waliobipu nitajua Jumatatu, nikakumbuka kwamba Jumatatu ndipo nilipojua mara ile nyingine pia, na nikainuka tena. Lakini sikwenda.

Mama wa samaki alikuja na mtoto wiki iliyofuata kuchukua dawa zake za mwezi. Mtoto amenenepa kidogo, ana utepe mwekundu kichwani, akaanza moja kwa moja kuchezea mizani yangu. Nikamuuliza mama mambo yanaendaje.

"Jumapili ile alipata moto tena," akasema. "Nikabipu mbili."

"Halafu?"

"Akapiga yule wa bondeni. Hata sikuwa nimeweka simu chini. Akasema mlete, nikamleta. Yale mambo aliyafanya yote, kipimo, sindano, alitukalisha mpaka jioni. Amekuandikia."

Akanipa daftari. Jalada lina namba ile ile kwa mwandiko wangu, na ndani, baada ya kurasa zangu zote, mwandiko mdogo ulionyooka wa mtu asiye na haraka. Joto la mwili. Viganja. Bandama, ameipima kwa vidole na kuandika vingapi. Kipimo cha malaria, hana. Sindano gani, kiasi gani, kwa uzito gani, na uzito alikuwa ameupima upya, hakunakili wangu. Nilisoma polepole nikitafuta kosa. Sikuliona. Nikarudi juu nikasoma tena.

"Anaongea taratibu yule," mama akasema. "Mtoto kampenda sana. Anauliza tutaenda lini tena."

"Wewe umempenda?"

Alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. "Mimi nampenda anayepiga, dokta."

Nikamwita mtoto apande mizani vizuri, aache kuruka. Nikaandika uzito wake chini ya mstari wa mwisho wa yule mtu, na nilijitahidi mwandiko wangu usomeke.